Belize: nchi iliyosubiri uhuru kwa sababu ya barabara ambayo haikujengwa

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Septemba 1981, bendera ya Uingereza iliteremshwa, na koloni la mwisho la Uingereza katika bara la Amerika, ukiacha visiwa, likawa nchi huru ya Belize, Amerika ya Kati. Wanajeshi wa Uingereza hawakufungasha virago. Walibaki pamoja na ndege zao za kivita, na aliyetaka wabaki alikuwa George Price, waziri mkuu mpya, mtu ambaye mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimpeleka mahakamani kwa kosa la uchochezi.

Kuna jambo jingine linaloshangaza, nalo ni muda. Belize ilipata madaraka ya ndani tarehe 1 Januari 1964. Kenya ilipata madaraka yake Juni 1963 na uhuru Desemba mwaka huo huo, miezi sita na siku chache tu. Belize, iliyokuwa chini ya dola hiyo hiyo, ilingoja miaka 17. Na katika miaka hiyo Uingereza haikuwa na hamu ya kung'ang'ania. Misitu iliyowapeleka Waingereza huko ilikuwa imeshavunwa sana, na koloni lenyewe lilikuwa mzigo kwa hazina ya London. Mkoloni alikuwa tayari kuondoka, watu walitaka aondoke, na bado ilishindikana.

Sababu kuu imo katika kipengele kimoja cha mkataba wa mwaka 1859, kipengele kinachozungumzia barabara. Ila kipengele hicho hakieleweki mpaka turudi nyuma zaidi, kwa maana Belize haikuanza kama makoloni mengine. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya 1763, Waingereza waliishi pale juu ya ardhi ambayo serikali yao ilikiri kwa maandishi kwamba ni mali ya mfalme wa Hispania.

Wakata miti katika nchi ya mfalme mwingine

Wenyewe wa ardhi walikuwa Wamaya. Caracol, mji ulioko magharibi mwa Belize ya leo, ulikuwa na nguvu kiasi cha kuushinda mji mkubwa wa Tikal mwaka 562. Wahispania walipoingia kutoka Yucatán, rasi ya kaskazini iliyoko Meksiko ya leo, katika karne ya 16 hawakukuta msitu mtupu. Walianzisha kituo chao Bacalar mwaka 1544, wakajenga makanisa Lamanai na Tipu, wakatoza kodi. Mwaka 1638 Wamaya wa Tipu na majirani zao waliasi, na Wahispania wakafukuzwa kwa miongo kadhaa. Hispania haikuwahi kuikalia nchi hiyo kwa makazi ya kudumu. Iliendelea tu kuidai, kwa msingi wa migawanyo ya dunia iliyoafikiwa na Papa na wafalme mwishoni mwa karne ya 15.

Katika pengo hilo wakaingia Waingereza. Wengi walikuwa maharamia waliokuwa wakivizia meli za Hispania katika bahari ya Karibi, wakijificha nyuma ya visiwa vidogo na miamba ya matumbawe ya pwani hiyo. Mwaka 1670 Uingereza na Hispania zilipokubaliana kukomesha uharamia, baadhi yao walihamia kazi nyingine: kukata mti wa rangi, ambao kiini chake kilitumika kutia rangi nguo za sufi huko Ulaya. Wakajiita watu wa Ghuba, kwa maana ya Ghuba ya Honduras.

Hispania iliwafukuza mara kwa mara, nao wakarudi kila mara. Baada ya vita vya miaka saba, Mkataba wa Paris wa 1763 uliwaruhusu kukata mti wa rangi, lakini ukabakiza umiliki wa nchi mikononi mwa Hispania. Mwaka 1779 Wahispania waliuvamia mji wao katika kisiwa cha St George's Caye na kuwapeleka mateka Havana. Mkataba wa Versailles wa 1783 ukawarejesha, sasa kati ya Mto Hondo na Mto Belize. Mkataba wa London wa 1786 ukasogeza mpaka hadi Mto Sibun na kuwaruhusu kukata mahogani. Pamoja na ruhusa hiyo kulikuwa na makatazo: hakuna mashamba makubwa, hakuna ngome, hakuna serikali.

Makatazo hayo yaliacha alama ya kudumu. Kwa kuwa kilimo kilikatazwa, Belize ikawa nchi ya mbao peke yake, inayoagiza hata chakula kutoka nje. Na kwa kuwa hakukuwa na serikali ya kugawa ardhi, walowezi waligawana wenyewe. Kufikia mwaka 1787 walowezi 12 walikuwa wameshika zaidi ya robo tatu ya ardhi yote iliyoruhusiwa na mkataba. Tabia ya ardhi kuwa mikononi mwa wachache haikuisha pale: karne moja baadaye kampuni moja ya London, Belize Estate and Produce, ilikuwa na karibu nusu ya ardhi yote ya watu binafsi nchini.

Alikuwepo mtu mmoja aliyejaribu kulivunja jambo hilo, na nasikitika kwamba hajulikani zaidi. Edward Marcus Despard, afisa wa jeshi mzaliwa wa Ireland, alikuwa msimamizi wa makazi hayo wakati wahamiaji zaidi ya 2,000 walipoletwa kutoka Pwani ya Mosquito (pwani ya Nikaragua na Honduras ya leo), wengi wao watumwa. Despard aliwagawia wahamiaji huru viwanja kwa kupiga kura, bila kujali rangi, mweusi na mweupe katika foleni moja. Walowezi matajiri walichukizwa, wakaandika malalamiko London, naye akaitwa arudi mwaka 1790. Alirudi pamoja na mkewe Catherine, mwanamke mweusi. Mwaka 1803 alinyongwa London kwa kosa la uhaini dhidi ya mfalme.

Vita vya mwisho na Hispania vilikuja Septemba 1798. Mwaka mmoja kabla yake, walowezi walikutana kuamua kama wakimbie au wabaki, na kura za kubaki zilishinda kwa 65 dhidi ya 51. Meli za gavana wa Yucatán, Arturo O'Neill, zilizuiwa karibu na St George's Caye na meli ya kivita Merlin ikisaidiwa na mashua na majahazi yaliyojaa watu, wengi wao watumwa. Tarehe 10 Septemba ni sikukuu ya taifa hadi leo. Wakoloni walipenda kusema kwamba siku hiyo bwana na mtumwa walipigana bega kwa bega kwa hiari. Mimi sioni namna ya kuliita hiari jambo la mtu ambaye mwili wake ni mali ya mwingine. Tena watumwa hao hao walikuwa wakitoroka mfululizo kuelekea Yucatán na Petén, upande wa adui, kwa sababu Wahispania waliwapa uhuru waliofika.

Utumwa wa Belize haukuwa wa mashamba ya miwa kama Jamaika. Watumwa walifanya kazi msituni kwa vikundi vidogo, miezi mingi mbali na mji. Mmoja alipanda juu ya mti mrefu kutafuta mahogani kwa macho, wengine wakaangusha, wengine wakaburura magogo kwa ng'ombe hadi mtoni, kusubiri mvua ziyapeleke baharini. Kuna waliodai kwamba mtu mwenye shoka na panga mkononi hawezi kuwa mtumwa wa kuonewa. Maasi ya 1765, 1768, 1773 na 1820 yanawakanusha. Katika yale ya 1820, yaliyoongozwa na Will na Sharper, hata msimamizi George Arthur alikiri kwamba waasi walikuwa wametendewa ukatili usio na sababu.

Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, ukafuatwa na miaka minne ya uanagenzi wa lazima hadi 1838. Fidia ililipwa kwa mabwana, si kwa watumwa: wastani wa pauni 53 kwa kila mtumwa, kiwango cha juu kuliko popote katika milki ya Uingereza. Na mara tu watu walipokuwa huru, ardhi ya serikali ambayo walowezi walikuwa wakiipata bure ilianza kuuzwa kwa pauni moja kwa eka. Mfanyakazi alipewa malipo ya awali kabla ya msimu kuanza, akayamaliza kabla hajafika msituni, kisha akakopa chakula katika duka la mwajiri kwa bei ya mwajiri. Alirudi mjini akiwa na deni, na sheria ilimruhusu tajiri kumfunga jela akiacha kazi. Sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1940.

Kipengele cha saba

Mwaka 1821 Hispania ilipoteza Amerika ya Kati. Guatemala, jirani wa magharibi na kusini, ilipokuwa jamhuri ilidai kwamba imerithi mipaka yote ya Hispania, Belize ikiwemo. Uingereza ilijibu kwamba Guatemala haikuwahi kutawala hata kijiji kimoja pale. Wakati huo walowezi walikuwa wameshavuka Sibun na kufika Mto Sarstoon kusini, mbali sana na mstari wa 1786.

Uingereza ilitaka mpaka unaotambulika. Tatizo lake lilikuwa Marekani. Katika mkataba wa mwaka 1850 nchi hizo mbili kubwa ziliahidiana kwamba hakuna itakayotwaa ardhi katika Amerika ya Kati. Uingereza ingesaini na Guatemala mkataba unaosema "tunakabidhiwa ardhi hii", ingekuwa imevunja ahadi. Ilibidi mkataba useme kwamba mpaka ulikuwepo tangu zamani na sasa unathibitishwa tu. Guatemala nayo isingeweza kurudi kwa wananchi wake na karatasi inayosema imekubali kila kitu bila kupata chochote.

Ndipo mjumbe wa Uingereza, Charles Lennox Wyke, na waziri wa Guatemala, Pedro de Aycinena, wakapata njia. Mkataba uliosainiwa tarehe 30 Aprili 1859 ulieleza mipaka kama jambo lililokuwepo. Kisha katika kipengele cha saba nchi hizo mbili zikaahidi kushirikiana kujenga njia rahisi ya mawasiliano, barabara ya mikokoteni au kwa kutumia mito, kutoka mji wa Guatemala hadi pwani ya Atlantiki karibu na makazi ya Belize.

Barabara haikujengwa. Zilibishana juu ya gharama na juu ya nani alipe nini. Mwaka 1863 zilikubaliana Uingereza itoe pauni 50,000 na kumaliza suala hilo, lakini Guatemala, ikiwa vitani na El Salvador, ilichelewa kuidhinisha makubaliano hayo, na Uingereza ikasema muda umepita.

Hapo ndipo kiini cha mgogoro. Kwa Guatemala, barabara ilikuwa bei ya ardhi: mkataba ulikuwa mauziano yaliyofichwa, na bei isipolipwa mali hurudi kwa mwenyewe. Kwa Uingereza, hapakuwa na mauziano. Mpaka ulitambuliwa, na barabara ilikuwa ahadi ya pembeni ambayo Guatemala yenyewe iliikwamisha. Kila upande una karatasi ya kuonyesha. Kwa maoni yangu Guatemala ina haki ya kulalamika kuhusu barabara, lakini lalamiko juu ya barabara haligeuki hati ya kumiliki watu. Wamaya, Wagarifuna na wajukuu wa watumwa waliokuwa wakiishi pale hawakuulizwa mwaka 1859 na upande wowote.

Uingereza ilitangaza rasmi koloni la British Honduras, jina la kikoloni la Belize, mwaka 1862, na mwaka 1871 likawa Koloni la Taji, yaani lililotawaliwa moja kwa moja kutoka London. Guatemala ilinung'unika, ikanyamaza, ikanung'unika tena. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilisema mkataba umekufa, na katiba yake ya 1945 ikaitaja Belize kuwa sehemu ya nchi yake.

Wakati huo huo watu wa kutosha kuunda taifa walikuwa wakikusanyika. Wagarifuna, uzao wa Waafrika na wenyeji wa Karibi, walifukuzwa na Waingereza kutoka kisiwa cha St Vincent mwaka 1797, wakatupwa Roatán, kisiwa cha pwani ya Honduras, na kuanza kufika kusini mwa Belize miaka michache baadaye. Tarehe 19 Novemba huadhimishwa kwa ajili yao. Vita vilivyolipuka Yucatán mwaka 1847 vilileta maelfu ya machotara na Wamaya kaskazini, Corozal na Orange Walk. Wakaja pia Wahindi, Wachina na, kuanzia 1958, Wamennoni, Wakristo wakulima, kutoka Meksiko. Kiongozi wa Wamaya wa Icaiche, Marcus Canul, alipigana na Waingereza kwa miaka kadhaa hadi alipojeruhiwa na kufa baada ya shambulio la Orange Walk mwaka 1872.

Dola ilipokatwa thamani

Siasa za uhuru zilianzia tumboni na mfukoni. Katika vita vya kwanza vya dunia vijana wa Belize waliingia Kikosi cha Karibi cha Uingereza. Baadhi ya askari wa kikosi hicho walipigana hadi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wa Belize walipelekwa Mesopotamia, ambako walibaguliwa na jeshi walilolitumikia. Waliporudi Julai 1919 waliongoza ghasia mjini Belize. Mmoja wa askari hao, Samuel Haynes, baadaye alifanya kazi katika harakati za Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi, na kuandika shairi ambalo leo ni wimbo wa taifa.

Tarehe 10 Septemba 1931, watu wakiwa mitaani kusherehekea ushindi wa 1798, tufani iliupiga mji na kuua zaidi ya watu 1,000. Ilifika wakati bei ya mbao duniani imeanguka. Mwaka 1934 kinyozi Antonio Soberanis Gómez alianza kukusanya wasio na kazi, akawapigania vibarua wa bandari na wachuma matunda, akafungwa. Vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa mwaka 1941. Kura ilikuwa bado ya wenye mali: mwaka 1945 wapiga kura walioandikishwa walikuwa 822 katika nchi ya watu zaidi ya 63,000.

Kisha ikaja tarehe 31 Desemba 1949. Pauni ya Uingereza ilikuwa imeshushwa thamani miezi michache kabla, na serikali iliahidi mara kadhaa kwamba dola ya koloni haitaguswa. Baraza la kutunga sheria lilikataa kuishusha. Gavana akatumia mamlaka yake ya akiba, akaishusha mwenyewe. Chakula, kilichotoka zaidi Marekani, kilipanda bei, na kampuni za mbao zilizokuwa na biashara na London zikapata faida. Usiku ule ule ikaundwa Kamati ya Wananchi, na Septemba 1950 ikawa Chama cha Umoja wa Wananchi, PUP kwa kifupi cha Kiingereza. John Smith, Leigh Richardson, Philip Goldson na George Price ndio waliokuwa mbele.

Price alikuwa amesomea upadri, kisha akafanya kazi kwa Robert Turton, tajiri wa utomvu wa kutengenezea chingamu. Richardson na Goldson walifungwa mwaka 1951 kwa uchochezi. Mgomo wa 1952 uliongeza nguvu za chama, na katika uchaguzi wa Aprili 1954, wa kwanza wa watu wazima wote, PUP ilishinda viti 8 kati ya 9. Tangu hapo swali halikuwa tena kama Belize itajitawala.

Kutafuta kura New York

Guatemala iliendelea kuuliza swali lake. Mwaka 1957 Price alikwenda London kujadili katiba, akakutana huko na balozi wa Guatemala. Waziri wa makoloni, Alan Lennox-Boyd, alipojua, alivunja mazungumzo na kumrudisha Price nyumbani kama msaliti. Mwaka uliofuata alishtakiwa kwa uchochezi na baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Wapinzani wake walimwandama na jambo hilo la Guatemala kwa muda mrefu, ingawa yeye ndiye alikuja kuwa mkaidi kuliko wote.

Tufani Hattie ya Oktoba 1961 iliubomoa mji wa Belize, na serikali ikaamua kujenga mji mkuu mpya bara, Belmopan, iliohamia mwaka 1970. Guatemala ilivunja uhusiano na Uingereza mwaka 1963 kwa sababu ya mazungumzo ya madaraka. Mpatanishi kutoka Marekani, wakili Bethuel Webster, alitoa mwaka 1968 rasimu ya mkataba ambayo ingeiita Belize huru huku Guatemala ikiwa na sauti kubwa katika ulinzi na mambo yake ya nje. Wananchi waliingia barabarani, na rasimu ikafa. Mwaka 1972 na 1975 majeshi ya Guatemala yalisogea karibu na mpaka, na Uingereza ikatuma meli, askari na ndege. Jina la Belize lilichukua nafasi ya British Honduras rasmi tarehe 1 Juni 1973.

Hapo ugumu ulionekana wazi. Nchi ya watu wasiofika 150,000, isiyo na jeshi la maana, ingepata uhuru asubuhi na kuvamiwa jioni. Uingereza ilisita kuahidi kuilinda, na ilikuwa tayari kufikiria kuimegea Guatemala sehemu ya kusini. Price na wenzake, Assad Shoman na Said Musa kati yao, walikataa kumega. Badala yake waliipeleka hoja kwa dunia: kama mataifa yote yatatambua mipaka ya Belize, Guatemala itabaki peke yake.

Kazi hiyo ilifanywa kwa subira ambayo mimi naiona kuwa kubwa kuliko vita vingi. Nchi za Jumuiya ya Madola na zile Zisizofungamana na Upande Wowote zilikuwa za kwanza kuunga mkono. Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilithibitisha haki ya Belize ya kujitawala kwa kura 110 dhidi ya 9, lakini Amerika ya Kusini na ya Kati karibu yote ilikuwa upande wa Guatemala au kando. Kuba ilikuwa tayari na Belize. Mwaka 1976 Panama ya Omar Torrijos, yenyewe ikipigania mfereji wake, ikavuka upande wa Belize. Mwaka 1979 dikteta Somoza alipinduliwa Nikaragua, na serikali mpya ikavuka pia. Marekani ilikwepa kura mwaka baada ya mwaka, hadi Novemba 1980 ilipopiga kura ya ndiyo. Matokeo ya mwaka huo yalikuwa 139 kwa sifuri, nchi 7 zikijizuia na Guatemala ikikataa kushiriki. Azimio lilitaka Belize iwe huru mwaka 1981 na mipaka yake yote, na likaitaka Uingereza iendelee kuhakikisha usalama wake. Wanajeshi waliobaki usiku wa Septemba walibaki chini ya maneno hayo.

Miezi ya mwisho ilikuwa michungu. Machi 1981 Uingereza, Guatemala na Belize zilisaini vipengele 16 vya makubaliano, vikiwemo Guatemala kutumia visiwa vidogo vya Ranguana na Sapodilla na kupata njia ya kwenda baharini. Wananchi wengi waliona nchi inauzwa. Migomo na ghasia zililipuka, watu wakauawa, hali ya hatari ikatangazwa. Mazungumzo ya kugeuza vipengele hivyo kuwa mkataba kamili yalivunjika, na uhuru ukaja bila makubaliano yoyote na jirani.

Guatemala iliitambua Belize kuwa dola huru mwaka 1991, bila kuacha dai lake la ardhi. Sehemu kubwa ya wanajeshi wa Uingereza waliondoka mwaka 1994. Mwaka 2008 nchi hizo mbili zilikubaliana kuwauliza wananchi wao kama shauri lipelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Guatemala ilipiga kura Aprili 2018, na zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Belize ilipiga Mei 2019, na waliosema ndiyo walikuwa kama asilimia 55. Karibu nusu ya waliopiga kura Belize hawakuona sababu ya kuwauliza majaji kuhusu nchi ambayo mataifa 139 yalishaitambua, mbele ya hoja inayotegemea barabara ya mikokoteni ya mwaka 1859.